Ukimya wa Saa Saba Mchana

Nina sheria moja kazini, na niliitunga mwenyewe: toleo jipya la programu haliingii hewani mpaka lisome tangazo la kifo. Wafanyakazi wapya wakiisikia hucheka, kisha wananitazama usoni kuona kama natania. Sitanii. Mimi ndiye fundi mitambo wa redio yetu hapa Tabora, fundi pekee, na tangu nikabidhiwe chumba kile chenye feni na kompyuta zinazonguruma, nimekataa matoleo mapya mengi kuliko niliyoyakubali. Najivunia niliyoyakataa na niliyoyakubali vilevile.

Redio yetu ni ndogo. Ofisi iko Cheyo, nyumba ya kawaida yenye mnara uani, na mgeni akipita anaweza kudhani ni ya mtu binafsi mwenye mapenzi makubwa na nguzo. Lakini saa saba mchana, baada ya habari, watu wengi wanaongeza sauti, kwa sababu ndiyo saa ya matangazo ya vifo. Najua siku hizi kila mtu ana simu. Simu inaishiwa chaji, namba zinabadilishwa kila ofa mpya inapotoka, na aliyeingia porini kurina asali, au aliye kwenye tumbaku upande wa Ulyankulu, hapati mtandao. Redio anayo. Imetundikwa kwenye tawi, inaongea peke yake tangu asubuhi, na yeye yuko huko mbele na jembe lake.

Anayesoma matangazo hayo ni mama mtu mzima, mwanakwaya wa Moravian, mwenye sauti isiyojua haraka. Huyarekodi asubuhi kadiri yanavyoletwa, na mchana kompyuta inayarusha. Ana desturi yake. Kwanza anataja mahali: "Tangazo la kifo. Ndugu na jamaa mlioko Tura, Urambo na Chemchem." Halafu ananyamaza. Ananyamaza kabisa, hakuna muziki, hakuna kukohoa. Anampa mtu nafasi ya kuweka jembe chini, kumwita jirani na kusogea redioni. Ndipo anataja jina la marehemu. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo, na mpaka juzi hakuna aliyemuuliza sababu.

Mimi sikuhitaji kuuliza. Nimezaliwa Tura, kando ya reli, na nilikuwa mdogo siku ambayo mama yangu alikuwa mwambani anaanika michembe, viazi vitamu vya kukausha, redio iko ndani. Akasikia jina la Tura likitajwa. Aliacha ungo akakimbia, nami nyuma yake, lakini msomaji wa redio ile ya wakati ule alikuwa na haraka zake. Tulipofika mlangoni tulikuta mwisho tu: mazishi ni kesho saa kumi, ndugu wote mnaombwa kufika. Kisha muziki. Mama alizunguka kwa majirani wote, kila mmoja alikuwa shambani au alisikia nusu kama yeye. Usiku kucha alikuwa anawataja watu wake mmoja mmoja, anamwondoa huyu kwa kuwa ni kijana, anamwondoa yule kwa kuwa walionana juzi. Baadaye sana abiria mmoja alishuka kwenye treni akampa pole, akidhani anajua. Alikuwa kaka yake mkubwa, na alishazikwa Urambo bila yeye.

Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Nilimsikia, sikumwahi." Maneno hayo ninayo mpaka leo, na nilipoanza kazi redioni na kumsikia mama yetu wa matangazo akinyamaza kwa mara ya kwanza, nilisimama katikati ya chumba na bisibisi mkononi, machozi yakanitoka. Nikajua nimefika mahali pangu.

Sasa basi, akaja meneja mpya. Kijana safi, mcheshi, viatu vyake vimechongoka mbele, ametoka Dar es Salaam na anapenda kazi. Sitamsema vibaya, maana mambo mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Wakala wa programu yetu ya kurushia matangazo alituarifu kwamba toleo letu halitahudumiwa tena, na meneja akanijia asubuhi hiyohiyo.

"Dada, tuhame. Redio za Dar zote zimeshahamia toleo jipya."

"Zimehamia lini?"

"Mwezi uliopita."

"Basi tuwape muda waumie kwanza," nikamwambia. "Wakishapona tutawauliza."

Alicheka. Akadhani naogopa vitu vipya, na hilo ndilo linalonipandisha hasira kuliko jambo lolote, kwa sababu siogopi. Nimekulia Unyamwezi, najua mvua ya kwanza ni ya kufanya nini. Mvua ya kwanza inakuja na harufu nzuri, kila mtu anafurahi, na mwenye pupa anamwaga mbegu yote siku hiyo. Halafu jua linarudi wiki nzima. Mkulima mwenye akili anatayarisha shamba na kungojea ya pili. Hata mji huu wetu ulikuzwa na watu waliojua kusimama. Misafara ya zamani ilifika hapa, ikatua mizigo, ikauliza habari za njia, ndipo ikaenda ziwani. Waliopita bila kuuliza hatuna habari zao.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," meneja akanijibu.

"Na mwenda pole hajikwai," nikasema, na tukaachana hapo, kila mtu na methali yake.

Kumbe yeye alishaiambia bodi kwamba toleo jipya litakuwa hewani kabla ya Pasaka. Hilo sikuambiwa mpaka baadaye. Na kulikuwa na ukweli mwingine ambao sikuweza kuukwepa: kompyuta yetu ya zamani ilikuwa inaumwa. Iliganda mara moja katikati ya kipindi cha salamu, ikaganda tena wiki iliyofuata. Toleo jipya lingekuja na kompyuta mpya, na toleo la zamani halikubali kuingia humo. Kwa hiyo kungoja kwangu hakukuwa kukaa kivulini. Kila siku niliyongoja, mashine ingeweza kufa na matangazo yote ndani yake.

Nilipeleka kompyuta mpya stoo, nikaweka toleo jipya humo, nikaunga spika moja. Siku ya kwanza nilicheza nyimbo. Likapita vizuri. Siku ya pili habari, mahubiri, matangazo ya biashara. Vizuri tena, na lilikuwa jepesi kweli, nikakiri moyoni kwamba waliolitengeneza si watu wa mchezo. Meneja alikuja kusimama mlangoni, amekunja mikono, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

"Umeona?"

"Bado halijasoma kifo," nikasema.

Nikachukua rekodi ya matangazo ya jana yake, nikaiingiza, nikabonyeza. Sauti ya mama yetu ikajaa stoo. "Tangazo la kifo. Ndugu na jamaa mlioko Ulyankulu na mjini Tabora." Akanyamaza kama kawaida yake. Na kabla hajarudi, spika ikalipuka singeli. Ngoma inakimbia, kijana anapiga kelele za harusi, na chini yake kabisa, kama mtu aliyefungiwa kabatini, sauti ya mama ikitaja jina la marehemu.

Meneja alianza kucheka. Kisha nikaona cheko likimkauka mdomoni. Alisogea mwenyewe, akazima spika.

Nilitafuta chanzo mpaka nikakipata. Toleo jipya lilikuwa na mlinzi wa ukimya. Likisikia hewa imenyamaza kupita muda fulani mfupi, linaamini kuna hitilafu, linaruka haraka kwenye wimbo ili msikilizaji asikimbie. Tena ni jambo zuri, nisidanganye. Kwa toleo la zamani, wimbo ukikwama alfajiri, tunakaa kimya mpaka msikilizaji mwenye huruma apige simu kuuliza kama tumefunga redio. Mlinzi huyo nilimtaka. Ila hakujua kwamba Tabora kuna ukimya wa kuharibika na kuna ukimya wa kungojana.

Meneja akaja na suluhisho la haraka, na kwa mtu wa ofisini lilikuwa na mantiki: msomaji asinyamaze. Asome moja kwa moja, halafu arudie tangazo mara mbili. Tukamwendea mama. Tulimkuta kwenye benchi la barazani anapanga karatasi zake za siku hiyo.

"Shikamoo mama," meneja akasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona mmekuja wawili kama washenga?"

Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Akavua miwani.

"Mimi kusoma mbio naweza," akasema. "Sasa wao kule shambani, nani atawaambia wakimbie?"

"Ndiyo maana nasema turudie mara mbili, mama."

"Mara ya kwanza mtu anasikia jina la baba yake akiwa amesimama na debe la maji kichwani, peke yake. Mara ya pili umfanyie nini? Debe limeshaanguka."

Meneja alitazama viatu vyake. Nilimpenda siku hiyo, kwa sababu hakutafuta neno la kujiokoa.

Nikampigia wakala Dar es Salaam. Kijana wa huko alinieleza kwa upole kwamba mlinzi wa ukimya hazimwi wala harefushiwi muda, iwe alfajiri au mchana. Hata kumzima kwa tangazo moja tu haiwezekani.

"Lakini dada, kwa nini mnanyamaza hewani? Redio hainyamazi."

Nikamweleza. Nilimweleza yote: jembe, tawi, jirani, debe la maji. Nikamweleza na mama yangu mwambani, ingawa sikuwa nimepanga. Upande wa pili nikamsikia akiyaandika.

"Hakuna redio nyingine iliyoniuliza hili," akasema mwishowe. "Ngoja niwaandikie wenye programu. Siahidi kitu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuamua, na uamuzi ulikuwa wangu. Kama ningehama, matangazo yangetoka kila siku bila wasiwasi wa mashine, ila yangetoka yamekatwa ule ukimya. Kama ningengoja, nilikuwa naiegemea kompyuta mgonjwa, na siku ambayo ingekufa watu wangekosa hata mkia wa tangazo alioupata mama yangu. Pasaka ilikuwa inakaribia. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia ukweli kuhusu bodi.

"Ikifia hewani nitawaambia nini?"

"Waambie fundi alikataa," nikasema. "Na kama ni barua ya kufukuzwa, niletee nisome kama umeiandika vizuri."

Nilitoka pale nimenyoosha shingo, lakini nikihesabu ada za shule kichwani. Nina wanangu wa kusomesha. Nikaenda kuifungua ile mashine, nikaitoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, nikaisogezea feni zote mbili, mimi nikabaki na jasho langu. Nikapiga marufuku flashi za watangazaji, maana zimebeba virusi vya mji mzima. Kila saa sita na nusu nilikuwa nasimama mbele yake kama mkunga.

Pasaka ikapita. Bodi ilinuna, meneja akabeba lawama bila kunitaja, jambo ambalo sikulijua mpaka mama wa matangazo aliponinong'oneza. Halafu siku moja, saa saba kasoro, mashine ikaganda kweli. Skrini ilisimama, haipandi haishuki. Nikapiga kelele. Mama alikuwa barazani anakula karanga. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua karatasi zake na kuingia studio. Nikafungua maiki, tukairuka kompyuta, akasoma yote mwenyewe moja kwa moja, pamoja na kila ukimya wake. Alipotoka alinyoosha mkono kwenye karanga zake kana kwamba alikwenda kufunga dirisha.

"Mashine imekufa, dada," meneja akasema.

"Imezimia," nikasema. "Na matangazo yametoka."

Jioni ile iliamka tena. Ila nilijua sina siku nyingi, na nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kiburi changu kinanidanganya.

Simu ya wakala ilikuja nikiwa nakunywa chai. Kijana yule alikuwa anaongea haraka kwa furaha. Wenye programu walikuwa wametoa nyongeza ndogo juu ya lile toleo jipya, wamerekebisha hiki na kile, na ndani yake kulikuwa na kisanduku kidogo kando ya kila rekodi. Ukikiwekea alama, mlinzi anaambiwa: ukimya huu umekusudiwa, ngoja. Alinisomea maelezo yao. Yalisema tu kwamba nafasi hiyo imeongezwa kwa maombi ya watumiaji.

Watumiaji! Ni mimi. Ni mimi na mama mmoja mwenye karanga, hapa Cheyo. Leo hii kuna redio katika nchi ambazo watu wake hawajui Tabora iko upande gani wa ramani, na kila mmoja wao ana kile kisanduku mbele ya macho yake. Nilimaliza chai yangu polepole, nimekaa wima, na sikuona sababu ya kuwa mnyenyekevu.

Likabaki swali moja. Kisanduku kilitaka namba. Mlinzi angoje sekunde ngapi? Tukatazamana. Mama alisema yeye hahesabu, yeye huwa anamwona mtu akija, akishafika anaanza. Ndipo meneja, bila kuambiwa na mtu, akavua koti.

"Nipeni ndoo."

Akaijaza maji kwenye bomba kule nyuma chini ya mnara, akaiinua akiwa na tai yake na viatu vyake vilivyochongoka. Redio tuliiweka dirishani upande wa mbele. Mama akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ya hewani, "Tangazo la kifo. Ndugu na jamaa mlioko Cheyo." Nikabonyeza saa ya simu. Meneja alitua ndoo, hakuimwaga. Akafuta mikono, akazunguka nyumba kwa mwendo wa mtu aliyeshtuka, akafika dirishani anahema.

"Tayari," akasema.

"Bado," mama akamwambia. "Kaa kwanza. Habari kama hiyo mtu haipokei amesimama."

Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ngazi. Mama alimtazama kidogo. "Haya," akasema, na mimi nikasimamisha saa. Namba iliyotoka ndiyo iliyo kwenye kisanduku mpaka leo. Siitaji kwa mtu, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Nilichagua Jumanne, baada ya vipindi vya asubuhi, ili nipate muda wa kurudi nyuma kama mambo yangeharibika kabla ya saa saba. Siku ya kuamkia sikukuu sihami, Ijumaa sihami. Mashine ya zamani niliiacha inawaka pembeni na waya wake karibu na mkono wangu. Habari zikaisha. Meneja alikuwa nyuma yangu, mama kando yake, wote tunaitazama ile skrini mpya.

"Tangazo la kifo. Ndugu na jamaa mlioko Urambo, Chemchem na Tura."

Ukimya ukaingia. Nimefanya kazi na sauti maisha yangu yote, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama ule ukimya. Hakuna wimbo uliolipuka. Feni zilizunguka. Nikamwona mtu akiweka jembe chini. Nikamwona anaita jirani, anakuja, anakaa. Kisha mama, yule wa kwenye rekodi, akataja jina, akaendelea kusoma kwa utulivu mpaka mwisho. Meneja alinipiga bega mara moja, akatoka nje, nadhani hakutaka tumwone.

Haikupita muda simu yangu ikaita. Ilikuwa ni mama yangu, kutoka Tura, na nyuma yake nilisikia kufuli na mlango.

"Mwanangu, naelekea Urambo. Yule mwenzangu wa kwaya amefariki, yule mwembamba tuliyekuwa tukiimba naye sauti ya pili. Nilikuwa mwambani na michembe yangu, nikasikia wanaita Tura."

Nikasogeza simu sikioni. "Ukamwahi?"

"Nikamwahi. Nikaacha ungo, nikaja, nikakaa kabisa kwenye kigoda. Nimekaa ndipo akamtaja."

"Mama, hujasikia mabadiliko yoyote redioni leo?"

"Mabadiliko gani tena?" akasema. "Hebu niache, gari lisije likaniacha. Mazishi ni kesho."